Chaki Haikuwa na Paswadi

Kila shule zinapofunguliwa kuna picha inazunguka kwenye simu za watu wa rika langu. Ubao mweusi uliopauka, dasta ya mbao, chaki tatu, na kando yake ile seti ya jometri ya bati iliyoshika kutu kwenye bawaba. Chini pameandikwa maneno ya kusema kwamba ukivijua hivi vitu, utoto wako ulikuwa mtamu. Watu wanamwaga mioyo. Mmoja anakumbuka harufu ya kitabu kipya, mwingine anasema watoto wa sai na tableti zao hawajui maisha. Mimi nikiiona nashikwa na hasira, na imenichukua miaka kujua hiyo hasira ni ya nani.

Nianze na hiyo bati.

Mwaka ni 2010, niko darasa la sita, na mwalimu wetu wa hesabu ana sheria moja: huna seti, huna somo. Tulikuwa hamsini na kitu darasani. Waliokuwa na seti kamili, yaani kompasi, protrakta, divaida na rula ambayo haijavunjika, hawakufika hata kumi na tano. Sisi wengine tulikuwa tunakodisha. Kulikuwa na jamaa ambaye baba yake alikuwa na duka karibu na steji, na kompasi yake ilikuwa inaenda kwa nusu mandazi kwa somo moja. Siku ambayo huna mandazi unasimama nje, chini ya dirisha, jua linakuchoma utosi, huku ukisikia pembe za pembetatu zikijumlishwa ndani. Kwa hivyo mtu akinionyesha ile bati ati utoto ulikuwa mtamu, nina swali moja tu kwake: wewe ulikuwa upande gani wa dirisha?

Hiyo ndiyo shida ya hii kumbukumbu yenu. Inakumbuka vifaa na kusahau nani alikuwa navyo. Halafu inachagua. Sijawahi kuona mtu akiweka picha ya kiboko na kuandika utoto mtamu, na kiboko kilikuwa kifaa cha darasani kama dasta. Serikali ilikipiga marufuku 2001, kabla sijaingia hata darasa la kwanza, lakini kwetu kiliendelea na kazi, siku nyingine kikiwa kipande cha mpira wa maji. Sijaona pia mtu akiweka picha ya monto. Kwa waliobahatika kutoijua, monto ni kile kipande cha mbao chenye kamba ambacho unavishwa shingoni ukipatikana ukiongea Kiswahili au lugha ya kwenu siku ya Kiingereza. Unakivaa mpaka umsikie mwenzako akikosea, umrushie. Yaani tulifundishwa kuwa polisi wa ndimi za marafiki wetu. Ngũgĩ wa Thiong'o aliiandika adhabu hiyo kwenye *Decolonising the Mind*, 1986, akikumbuka shule za wakati wa mkoloni. Sisi tuliikuta bado iko kazini, karibu nusu karne baada ya uhuru.

Na hata kile kifaa ambacho hakuna anayethubutu kukisema vibaya, kitabu, hakikuwa kitakatifu vile. Miaka ya tisini, kule Busia, watafiti walizipatia shule kadhaa vitabu vya kiada, wakaziacha nyingine bila, halafu wakalinganisha matokeo. Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin walichapisha walichokikuta 2009. Vitabu viliwasaidia wale waliokuwa juu tayari. Wengine wote, karibu hakuna tofauti. Sababu yake haikuwa siri kubwa: vitabu vilikuwa kwa Kiingereza, na kwa wengi wa watoto hao Kiingereza kilikuwa lugha ya tatu. Mtoto anafungua kitabu kipya, ananusa ile harufu mnayoililia, halafu hawezi kukisoma. Kremer huyo ni mmoja wa watatu waliopata Nobel ya uchumi 2019, kwa hivyo msiniambie nimetoa hizi habari kwenye matatu.

Sasa, msidhani niko upande wa tableti. Ngojeni kidogo.

Mimi nimelelewa Viwandani, upande wa Lunga Lunga, mtaa ambao jina lake halikufichi kitu. Ukuta wa kiwanda ndio ukuta wa mtaa. Baba yangu alikuwa kibarua katika kiwanda cha kuchapa na kushona madaftari. Saa kumi na moja alfajiri ameamka, saa kumi na mbili yuko getini na wengine kama mia, wanangoja kunyooshewa kidole. Siku akichaguliwa anasimama kwenye mashine ya kukata kingo mpaka jioni. Daftari zenye kasoro, mistari imepinda au jalada limebandikwa kichwa chini, walikuwa wanauziwa wafanyakazi kwa bei ya kutupa. Shule ya msingi yote nimeandika kwenye daftari zilizopinda. Mwalimu wa darasa la tatu aliwahi kuniuliza kama nina shida ya macho.

Watu wa Nairobi wakisikia Industrial Area wanawaza vitu viwili, jela na kazi ya mkono. Lakini nenda Enterprise Road utaikuta Jomo Kenyatta Foundation, inayochapisha vitabu vya shule tangu miaka ya sitini. Nenda Funzi Road utaikuta Longhorn, wenye *Kiswahili Mufti*. Kitabu ambacho mtoto wa Lodwar na mtoto wa Kwale walikuwa wanakibeba begani, ofisi yake ilikuwa ya kutembea kwa miguu kutoka kwa ploti yetu. Na karatasi ya nchi hii kwa miaka mingi ilitoka Webuye, mpaka kile kiwanda cha Panpaper kikasimama 2009. Mzee wangu bado anaamini kwamba siku zake za kunyooshewa kidole zilianza kupungua mwaka huo. Sijui kama ana haki. Najua hajawahi kuliongea hilo jambo akiwa ameketi.

Hapa ndipo na mimi nina kumbukumbu yangu, na naomba mnielewe vizuri. Sikumbuki harufu. Nakumbuka kwamba daftari likishanunuliwa limenunuliwa. Halikuomba pesa tena ukifika ukurasa wa ishirini. Penseli ilichongwa kwa wembe, kifutio kilikatwa kutoka kwa patapata iliyokufa, na vyote viwili vilikuwa vyangu hata kama mamangu hana senti. Chaki iliandika kwa mwenye ada na kwa asiye na ada kwa ukubwa uleule, na ukiwa umefukuzwa, bado ulikuwa na dirisha. Nilijua pembe za pembetatu zinajumlisha 180 nikiwa nje. Chaki haikuwa na paswadi.

Tuje kwa tableti basi.

2013, Uhuru Kenyatta na William Ruto wakiomba kura, waliahidi kila mtoto anayeingia darasa la kwanza laptopu. Mimi nilikuwa ndio naingia kidato cha kwanza, nikaona nimezaliwa mapema. Zabuni ya kwanza, ya zaidi ya shilingi bilioni 24, ikabatilishwa 2014 kampuni zikigombana. Laptopu zikageuka tableti, kishikwambi ukitaka Kiswahili cha redioni, na 2016 zikaanza kufika, zikiunganishwa na makundi mawili, moja likiwa na JKUAT na lingine Chuo Kikuu cha Moi. Vifaa zaidi ya milioni moja viligawiwa shule za msingi za umma zaidi ya elfu 20. Tangu hapo magazeti yameandika tena na tena kuhusu tableti zilizofungiwa kabatini kwa hofu ya wezi, au kwa kukosa stima, au kwa sababu mwalimu mwenyewe hakufunzwa.

Lakini soma tena hilo neno: za umma. Tembea kutoka Viwandani uingie Mukuru kwa Reuben, upite mpaka Mukuru kwa Njenga, uhesabu shule za umma. Vidole vitabaki. Watoto wengi wa huku wanasomea shule za mabati zilizoanzishwa na kanisa, na mama fulani, na mwalimu aliyekosa kazi. Mradi wa tableti haukuwa wao. Mtoto ambaye ahadi ilisemwa kwa jina lake hakuona hata kabati lenyewe.

Halafu kuna walioona teknolojia mapema kuliko nchi nzima, na ni hapahapa. Bridge International Academies ilifungua shule yake ya kwanza Mukuru, 2009. Mfumo wake unajulikana: mwalimu anashika kifaa, somo limeshaandikwa mahali pengine, yeye anasoma hatua kwa hatua, pamoja na pale pa kunyamaza na pale pa kuuliza swali. Pesa zilitoka kwa watu kama Mark Zuckerberg na Bill Gates, na IFC ya Benki ya Dunia nayo ikawekeza, kisha ikajitoa 2022. Niwe mkweli hata kama inaniharibia hoja: Kremer huyohuyo na wenzake walitoa utafiti mwaka huo wa 2022 ukionyesha watoto wa shule hizo walikuwa wamejifunza zaidi ya wenzao. Kwa hivyo siwezi kuwaambia mashine haifundishi. Inafundisha. Swali langu ni lile la dirisha tu. Kalamu iko mkononi mwa nani? Mwalimu wa Mukuru anayeona Otieno hajala tangu jana, na kifaa kinamwambia sasa ni dakika ya kuuliza swali la tatu, atamsikiliza nani? Mwalimu wa ubao alikuwa na makosa mengi, nimeyataja, lakini ubao haukuwahi kumharakisha.

Kisha ikaja 2020. Katikati ya Machi shule zikafungwa nchi nzima, na madarasa ya mtihani yakarudi Oktoba, wengine mpaka Januari 2021. Serikali ikasema masomo yanaendelea mtandaoni. Kwa ploti yetu kulikuwa na milango kumi na minane na simu za maana kama sita, na hizo sita zilikuwa zinaenda kazini na wenyewe. Unajua kilichofundisha watoto wa hiyo ploti? Redio. KICD ilikuwa inatoa vipindi kupitia KBC, na mzee mmoja wa chumba cha nne, mlinzi wa usiku, alikuwa na redio ya betri ambayo wajukuu wa jirani walikuwa wanaikalia kama moto. Kifaa ambacho kila mtu alikuwa amekicheka kwamba ni cha wazee. Hakikuuliza bando. Hakikuuliza kama wewe ni wa shule ya umma au ya mabati.

Mimi mwaka huo nilikuwa chuo kikuu, mwaka wa tatu, na hapa sitataja chuo. Madarasa yalihamia kwenye simu. Lisaa la video lilikuwa linakula bando kuliko mimi nilivyokuwa nakula. Nilikuwa naingia darasani dakika ishirini, nasema niko, natoka. Halafu ada ikachelewa, na potali ya wanafunzi ikanifungia. Sikufukuzwa, hapana. Hakuna mtu aliyeniambia toka. Niliandika paswadi yangu asubuhi moja, ikaniambia niwasiliane na ofisi ya fedha, na nyuma ya ule ukurasa ndiko kulikuwa na matokeo yangu, nouti za wahadhiri na mtihani wa wiki ijayo. Nilikaa hapo kitandani nikibonyeza kama mtu anayebisha mlango wa nyumba aliyozaliwa. Miaka kumi nyuma nilikuwa nimefukuzwa kwa kukosa kompasi, na angalau ile mara kulikuwa na dirisha. Potali haina dirisha. Sikurudi.

(Kabla hamjasema mimi ni adui wa kompyuta: nimekula kwa kompyuta. Baada ya kuacha chuo niliandikia wanafunzi wa Marekani na Uingereza insha zao, kama vijana wengi wa hii Nairobi, mpaka ChatGPT ikaja mwishoni mwa 2022 na ile kazi ikakauka. Wengine wenu mnaosoma hapa mko na hiyo siri pia. Tunajuana.)

Siku hizi naandika nikipata wa kunilipa, na jioni nasimamia saiba, chumba cha kompyuta nne na printa moja mbovu kando ya barabara ya Lunga Lunga. Hapo ndipo nimeelewa hiki kitu vizuri, kwa sababu sasa mimi ndiye nimesimama mlangoni.

CBC ilianza rasmi 2019 kwa wale wadogo, na kila mwaka wa shule imepanda gredi moja. Mtihani wa mwisho wa KCPE ulifanywa 2023. Sina ugomvi na wazo lenyewe. Mtoto afanye kwa mikono, asikariri, asipangwe nambari moja mpaka sitini kama sisi, vizuri sana. Lakini njoo saiba Jumapili saa mbili usiku. Foleni inafika kwa muuza mayai. Mama ametoka shifti ya sabuni, mwingine ametoka kufua South B, kila mmoja ana simu mkononi na ujumbe kutoka kundi la wazazi: printi picha ya wanyama watano wa porini, iwe ya rangi. Printi ramani ya kaunti. Mpige mtoto picha akipanda mboga, printi, bandika, lete kesho. Kwetu ni bob kumi ukurasa mweusi, thelathini wa rangi. Mwenye watoto watatu hapo ameacha pesa ya unga.

Wiki fulani mama mmoja alikuja na picha kwenye simu ya kukopa. Mtoto wake, gredi ya nne, amechutama kando ya sukuma wiki tatu kwenye mkebe wa rangi.

"Kijana wangu, hii picha ni ya nini hasa?"

"Ni ya mwalimu, mama. Aone mtoto alipanda."

"Si angemwuliza tu?" Akanyamaza, akahesabu sarafu. "Na hata si yake. Hiyo mboga ni ya jirani. Kwetu jua halifiki."

Nikamprintia. Sukuma wiki ilitoka bluu, printa ilikuwa imeisha rangi ya manjano. Nikachukua thelathini yake.

Nataka mtulie hapo kwa hiyo thelathini, kwa sababu ndiyo kifaa kipya cha darasani. Wakubwa wanabishana kuhusu tableti na waifai na akili mnemba, ninyi mnalilia chaki, na katikati hapo shule imehamisha gharama yake polepole kutoka kwa ubao mmoja uliolipiwa mara moja mpaka kwa mfuko wa mama anayelipa kila wiki. Kifungu cha 53 cha Katiba yetu ya 2010 kinampa kila mtoto elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Bure. Nimemaliza kusema neno hilo na printa imetoa kurasa nne.

Na walimu wenyewe wako kwenye hiyo foleni. Wa shule za mabati wanakuja usiku kupakua vifaa vya tathmini kutoka kwa potali ya KNEC na kupakia alama za watoto, kwa pesa yao, kwa mshahara ambao sitautaja kwa heshima yao. Mmoja hulala kwenye kiti kurasa zikifunguka. Huyo mwalimu mkimpa chaki nzuri na mtandao wa bure, atachukua mtandao, na ana haki. Ndiyo maana hizi picha zenu za mioyo zinanikera. Zinamfanya aonekane anasaliti kitu.

Kuna mambo yameshapimwa hapahapa Kenya, na huwa sielewi kwa nini hatuyapigii kelele. Kule Kisumu, Benjamin Piper na wenzake walijaribu mpango wa kufundisha kusoma kwa njia tofauti: shule nyingine tableti zilipewa washauri wanaotembelea walimu, nyingine walimu, na nyingine watoto wakapewa vifaa vya kusomea. Matokeo yalitoka 2016. Mashine za darasani hazikuupita kwa maana mpango mtupu, ule wa vitabu na mafunzo bila mashine, na mpango mtupu ulikuwa nafuu zaidi. Tusome, iliyoenda nchi nzima 2015, ikachukua njia hiyo: kila mtoto wa darasa la kwanza kitabu chake, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na tableti mkononi mwa afisa anayezunguka kuangalia walimu. Kitabu cha mtoto, mashine ya mtu mzima anayelipwa kuitumia. Sasa rudi kwa ile hadithi ya Busia. Vitabu vilishindwa pale vilipomwagwa kwa lugha ambayo mtoto hana, na vikasaidia pale vilipokuja na lugha yake na mwalimu aliyeandaliwa. Tableti ni hivyohivyo. Kifaa hakijawahi kuwa kizee au kipya machoni pa mtoto. Kiko mkononi mwake au hakiko.

Ninachotaka si kikubwa. Kama kazi ya shule lazima iprintiwe, shule iprinti, na pesa ya kuprinti itoke ilikotoka pesa ya tableti za kabatini. Shule za mabati za Mukuru zihesabiwe serikali inapogawa vitu, kwa sababu mtoto hakuchagua kuzaliwa mbali na shule ya umma. Potali ya chuo inayoficha nouti kwa sababu ya ada iitwe kwa jina lake, mwalimu aliyefunga dirisha. Na nyinyi wa picha, kama kweli mnapenda chaki, kuna shule ya mabati nyuma ya kila ukuta wa kiwanda hapa. Pakiti ya chaki haiwezi kuwashinda. Mnakaa umbali wa matatu moja.

Mimi nimefanya langu, na limeniletea shida.

Niligundua kwamba kazi ya gredi ya nne inayoletwa kwetu ni ileile. Shule tatu jirani, maswali yaleyale, naprinti nakala hamsini Jumapili moja, bob kumi kila nakala. Mwezi uliopita nikanunua karatasi mbili za manila na makapeni nyeusi, nikayaandika maswali yote kwa herufi kubwa kama mwalimu wangu wa zamani, nikachora na ile pembetatu kwa kompasi ya mpwa wangu, nikatundika ukutani nje ya mlango wa saiba, chini ya taa. Mtoto yeyote aje na daftari, anakili.

Jumapili ya kwanza walikuja saba. Ya tatu sikuweza kuwahesabu. Walikaa kwenye ngazi, kwenye mitungi ya maji, mmoja akaandikia mgongoni mwa mwenzake. Wengine walikuwa wanajibizana majibu kwa sauti, kwa Kiswahili, kwa Sheng, kwa Kikamba. Mama wa sukuma wiki alipita, akasoma maswali yote kutoka juu mpaka chini akisogeza midomo, akaniuliza namba tano jibu lake ni ngapi. Nikamwambia. Akasema hata yeye alikuwa amefikiria hivyo.

Bosi wangu alipiga hesabu ya Jumapili hizo tatu akaona shimo. Si mtu mbaya. Ana kodi ya chumba, ana stima ya tokeni, ana ile printa ambayo inakula rangi kama ng'ombe. Ameniambia niichague manila au kazi, na amenipa mpaka Jumatatu. Leo ni Ijumaa, mvua imeanza, na nimeifunika kwa karatasi ya nailoni.